Rodi Namba 8, Mshipi Namba 8, na Bado Nilichapwa: Vile Unachagua Kichwa cha Spey Bila Kuchoma Ganji

Leo hakuna stori ya nani ameachana na nani. Leo tunaongea mshipi wa kuvua samaki. Usihepe bado, kuna chapaa kwa hii stori, na yangu nilishaichoma tayari ndio wewe usichome yako.

Mimi ni wa Mariakani. Kwetu hakuna bahari. Kuna lami, vumbi, malori yamepanga laini, na ile mizani ya barabara kuu ambayo kila dereva wa trela anaijua kuliko anavyojua birthday ya mtoto wake. Lakini ukidandia mathree ya Kaloleni, ushuke nayo hadi Mavueni, Kilifi iko hapo tu. Na Kilifi ndio kuna binamu yangu, ambaye anafanya wera kwa boti za wageni.

Sasa kuna mgeni mmoja alirudi kwao akaacha rodi. Si zile rodi fupi za kutupa na mkono mmoja umeshika soda. Hii ni ndefu karibu mita nne, na mpini wake unashikwa na mikono miwili kama jembe. Rili iko, lakini ndani tupu, hakuna mshipi. Binamu akanipigia. "Wageni wengine wanakuja msimu wa kaskazi," akasema. "Wanataka mtu wa kutembea nao kando ya maji na hizi rodi, mtu anayejua kuzifunga na kuzirusha. Ukijua, hiyo siku ni yako. Usipojua naitafutia mtu Watamu."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikata. Naandika stori za mastaa nikilipwa kwa idadi ya maneno. Nikaambiwa siku moja ya kutembea na mgeni inalipa kuliko stori kumi. Nikasema najua. Sikuwa najua kitu.

Makosa yangu yalikuwa haya. Kwa rodi, karibu na mpini, imeandikwa namba 8. Nikaingia mtandaoni, nikapata msee anauza mshipi wa flai umetumika kidogo, namba 8. Ngiri tatu na soo tano. Nane na nane, si ni sawa? Nikatuma pesa. Ukaletwa na basi ya usiku. Jumamosi niko Kilifi, maji yanajaa, nimesimama hadi magotini, mikoko nyuma yangu. Nikainua rodi, nikavuta, nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

Mshipi ukaanguka miguuni kama tambi.

Nikajaribu tena. Na tena. Kama saa moja hivi. Hatua kama thelathini kutoka hapo kulikuwa na babu mmoja na mshipi wa mkono, ule wa nailoni umezungushwa kwa kipande cha mbao, na chubwi ya risasi mbele. Akazungusha chubwi juu ya kichwa mara mbili, akaachilia. Nailoni ikamfuata ikipiga mluzi, ikaenda mbali hadi nikaona aibu. Kisha akaja polepole akaangalia vifaa vyangu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akashika mshipi wangu kwa vidole viwili, akaupima kwa kiganja.

"Mwanangu, huu una mkia. Kichwa kiko wapi?"

Hiyo ndio stori yote, wasee. Nilirudi nyumbani nikasoma wiki mbili nzima ndio nikaelewa kwamba babu alikuwa amemaliza somo kwa sentensi moja.

Nani anabeba nani

Kwa uvuvi wa kawaida, kitu kizito kiko mwisho wa mshipi: chubwi, ama samaki wa plastiki mwenye ndoana. Ule uzito ndio unaruka, mshipi unaburutwa tu. Kwa flai mambo ni kinyume. Flai ni kanyoya na uzi vimefungwa kwa ndoana vifanane na mdudu ama dagaa. Haina uzito wa maana. Hata uitupe na hasira ya kudaiwa kodi, haiendi popote. Kwa hivyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe, na mshipi ndio unaibeba flai.

Zamani mshipi wote ulikuwa kitu kimoja kirefu, mnene kati, mwembamba pembeni. Kichwa cha kurusha ni akili ya kuugawanya. Mbele unaweka kipande kifupi, kinene na kizito, hicho ndio kichwa. Nyuma yake unaunganisha mkia mwembamba sana, unaoteleza. Unainua kile kichwa tu, unakirusha, na ukiachilia mkia, kichwa kinauvuta kwa zile pete za rodi kama vile chubwi ya babu ilivuta nailoni. Nyuma ya mkia kuna uzi wa akiba, wa siku ile samaki akiamua kurudi kwao Lamu na mali yako.

Ni hivyo tu. Mtu wa Kilifi ambaye hajawahi kusikia neno Spey anatumia hiyo hesabu kila siku.

Na Spey ni nini? Ni mto kule Scotland. Wavuvi wa salmoni pale walikuwa na shida: kingo zimejaa miti na miinuko, kwa hivyo huwezi kutupa mshipi nyuma ndio uurushe mbele, unanasa matawi. Tangu karne ya 19 wakawa na njia ya kurusha bila mshipi kwenda nyuma sana. Unaulaza mbele ya maji, unaufanya upinde mdogo nyuma ya bega lako, kisha unausukuma mbele. Sasa fikiria umesimama Kilifi Creek na ukuta wa mikoko mgongoni. Shida ni ile ile, ni baridi tu haipo.

Hii michezo si mipya Kenya kabisa. Trauti wa kwanza waliletwa mto Gura, kule Aberdare, mwaka wa 1905 na Ewart Grogan, na wao pia walitoka Scotland. Hemingway naye alivua huku pwani yetu mapema 1934 baada ya safari yake ya bara. Lakini hizo zote tumezichukulia kama mambo ya wazungu na wazee wa klabu, halafu tunashangaa kwa nini kazi ya kuongoza wageni inaenda kwa mtu mwingine.

Nane si nane

Hapa ndipo ngiri zangu tatu unusu zilizama, kwa hivyo soma polepole.

Uzito wa mishipi ya flai hupimwa kwa greni, kipimo cha kizungu cha zamani. Gramu moja ni greni 15.43. Kwa rodi za mkono mmoja kuna viwango vilivyokubaliwa: unapima futi 30 za kwanza za mshipi, yaani mita 9 na kitu. Namba 8 inatakiwa iwe karibu greni 210. Hiyo ni gramu 13 na nusu. Peni tatu mfukoni zinakaribia hapo.

Rodi ya mikono miwili namba 8 ni mnyama mwingine. Yenyewe inataka kichwa cha greni kama 480 hadi 600, kutegemea aina. Hiyo ni gramu 31 hadi 39. Mimi niliiwekea gramu 13. Ni kama kuendesha trela tupu na kuuliza kwa nini springi hazilali. Rodi hairushi kwa sababu una misuli, inarusha kwa sababu imepinda, na inapinda kwa sababu kuna uzito unaivuta. Bila uzito ni ufito tu.

Na usifikirie kuongeza bila kipimo ndio dawa. Kichwa kikizidi, rodi inalala hadi mpini, inachoka, mshipi unaruka na tumbo kubwa unaanguka karibu, na siku moja ufito unaweza kukatika. Mtu wa Mariakani anafaa kuelewa hii bila kuchorewa. Mizani haipendi lori lililozidi, na mwenye lori naye hapendi safari ya tupu.

Kwa hivyo kabla ya kununua angalia rodi juu ya mpini. Nyingi za siku hizi zimeandikwa greni kabisa, kwa mfano kutoka ngapi hadi ngapi. Hiyo ndio unafuata, si namba 8 wala 7. Ikiwa imefutika kama yangu, anza na hesabu hii: namba 7 ya mikono miwili, kati ya greni 430 na 540, namba 8, kati ya 480 na 600. Upande wa chini ni kwa vichwa virefu, upande wa juu ni kwa vifupi.

Na ukinunua kitu kilichotumika, ambacho boksi lake lilipotea, usimwamini muuzaji wala usimtukane. Beba mizani. Ile ndogo ya kidijitali ya kupima dhahabu ama viungo vya keki. Weka kichwa peke yake, bila mkia, soma gramu, zidisha kwa 15.43. Gramu 36 ni greni 555. Ningefanya hivyo siku ile ningejua kwa sekunde kumi. Yule jamaa hakunidanganya hata, aliuza namba 8 na namba 8 ndio nilipata.

Mfupi ama mrefu

Vichwa viko vya ukoo mbili ambazo utakutana nazo sana.

Skagit imeitwa kwa jina la mto wa jimbo la Washington, Marekani. Ni kifupi, mita 6 hadi 7 na kitu, kinene, kizito. Mbele yake lazima uunganishe ncha, yaani kipande kingine cha mshipi cha mita tatu ama nne, cha kuelea ama cha kuzama. Kazi yake ni kuinua vitu vizito: flai kubwa iliyolowa, ncha inayozama. Hakihitaji nafasi nyuma. Hakina urembo, kinaanguka majini na kelele, lakini kinafika.

Scandi ni cha watu wa Skandinavia. Ni kirefu, mita 9 hadi 12, chepesi zaidi, na kinakonda polepole kwenda mbele. Kinaruka kizuri, kinatua kimya, kinapenda flai ndogo na maji tulivu. Lakini kinataka nafasi kubwa kidogo nyuma, na mkono ulionyooka. Mpe Scandi flai ya kolekole yenye macho ya chuma uone. Kitakunja uso.

Kwa Kilifi, na mikoko nyuma, na samaki kama kolekole na mzia ambao hawataki mdudu wa milimita mbili bali dagaa mzima, mimi nasema Skagit bila kufikiria. Ukiwa mwanzo kabisa pia, Skagit inasamehe zaidi. Kuna watu watakuambia Scandi ndio ya mabingwa. Wacha waseme, wao hawanasi mikoko.

Halafu kuna hii ambayo karibu hakuna mtu anawaambia watu wa joto. Vichwa vingi vya Spey vimetengenezwa kwa mito baridi, ya salmoni. Ndani yake kuna uzi wa katikati na juu kuna ngozi ya plastiki laini, laini makusudi, ndio isikakamae kwenye baridi. Ukileta hiyo kitu pwani ya Kenya, ngozi inalegea, inanata kwa pete za rodi, mshipi wote unakuwa kama chapati haijaiva. Vile vya kuvulia baharini kwenye joto vina uzi mgumu zaidi ndani na ngozi ngumu zaidi. Boksi huandikwa kama ni ya maji baridi ama ya joto. Soma boksi. Ukipata kichwa cha joto chenye uzito wako, chukua. Ukikosa na umelazimika kutumia cha baridi, vua alfajiri, kiweke kivulini, na kamwe usikiache ndani ya gari ama chini ya mabati. Kwetu Mariakani saa nane mchana chini ya mabati unaweza kuchemsha yai, sasa mshipi ni nini.

Bei? Kichwa kipya ni kama dola 50 hadi 70, bila mkia, bila ncha, bila nauli ya kuletwa. Ndio maana nakuambia pima kwanza.

Mkia una maamuzi mawili tu. Ule wa nailoni tupu unaenda mbali kuliko wote na ni rahisi, lakini una kumbukumbu: ukikaa kwa rili unajikunja kama springi, lazima uunyooshe kwa mikono kila asubuhi, na ukilowa unateleza vidoleni. Ule wenye ngozi unashikika vizuri, haujikunji sana, ila unakula umbali kidogo. Mimi natumia nailoni kwa sababu ya mfuko. Chagua ya nguvu ya ratili 40 hivi, si nyembamba kama ya kuvulia tafi, itakukata vidole. Kichwa na mkia vinaunganishwa kwa vitanzi viwili vinavyopitana. Hakikisha vimekaa kama watu wawili wanaosalimiana mkono, si kimoja kimemkaba mwenzake, la sivyo patakwama kwenye pete.

Mwisho kabisa, kati ya ncha na flai, weka uzi wa nailoni ngumu. Kama kuna mzia, tanguliza kipande kifupi cha waya. Yale meno hayana mchezo.

Sasa rusha

Kwanza, kabla ya mikono, kuna upepo. Hii ndio sehemu ya kukutia hospitali ukiipuuza. Ndoana inapita karibu na uso wako kwa kasi. Sheria ni moja: mshipi ukae upande ambao upepo unaelekea, ndio ukusukumie ndoana mbali na wewe, si kwako. Pwani yetu ukiangalia bahari, kusi inakuja kutoka mkono wa kulia, kwa hivyo kazi yako iko bega la kushoto. Kaskazi inakuja kutoka mkono wa kushoto, unafanyia bega la kulia. Ndani ya hori upepo unazunguka, kwa hivyo usikumbuke, sikia. Upepo ukigusa shavu la kulia, nenda kushoto. Na vaa miwani na kofia. Siyo swag, ni jicho.

Pili, maji. Mto wa Spey unaenda upande mmoja miaka yote. Kilifi maji yanajaa na kupwa, kwa hivyo "mto" wako unageuka mara kadhaa kwa siku na mtindo wa kurusha unageuka nao. Kama upepo unaelekea kule maji yanaelekea, tumia ule mtindo unaitwa Double Spey. Kama upepo unapanda kinyume cha maji, kuna mwingine unaitwa Snap T. Jifunze miwili hiyo, imetosha kwa mwaka mzima. Nitaeleza Double Spey tu, kwa sababu ndio wa pole zaidi na ndio niliofundishwa na aibu.

Chukua mfano maji yanaenda kulia kwako, na upepo pia. Mkono wa kulia uko juu ya mpini, wa kushoto chini kabisa. Vuta mkia hadi kile kiungo cha kichwa kiwe nje ya ncha ya rodi, kwa nusu mita hadi mita moja. Ukiacha mkia mwingi zaidi ya hapo, kile chembamba hakiwezi kusukuma kile kinene, na kila kitu kinaanguka. Mshipi umenyooka majini kulia kwako.

Inua rodi polepole, kisha ipeleke kushoto, chini chini. Mshipi unakuja mbele yako lakini mwisho wake unabaki upande wa kulia, kama urefu wa rodi moja kutoka ulipo. Ule mwisho unaoshika maji unaitwa nanga, na ni nanga kweli. Maji yanaushikilia ndio rodi ipate kitu cha kuvutana nacho. Sasa rudisha rodi kulia, kwa duara la kando, mwendo mmoja usiokatika, ukiongeza kasi kidogo kidogo. Mshipi unachunika kutoka majini na unafanya tumbo nyuma ya bega lako, ukiangaliwa kwa kando ni kama herufi D. Rodi ndio ule mstari wa D. Subiri kidogo. Hapo ndipo sisi wote tunaharibu, tunaharakisha kama tumeitwa kwa interview.

Kisha piga mbele. Na siri iko kwa mkono wa chini. Mkono wa juu ni bawaba tu. Mkono wa chini ndio unavuta kuja tumboni, fupi, kali, kisha simama ghafla rodi ikiwa bado imeangalia juu, kama saa tano kwenye ukuta ukiangalia kwa upande. Rodi ikisimama, achilia mkia. Kichwa kinatoka, mkia unapiga mluzi.

Ukisikia mlio kama kiboko nyuma, nanga imeng'oka mapema, umevuta kwa nguvu sana. Ukiona mshipi umeng'ang'ania majini hautaki kutoka, umesubiri sana ama umeulaza mwingi. Ukiona umeanguka miguuni kama tambi, rudi juu usome pale kuna greni.

Ukiwa ufuo wazi bila mikoko nyuma, huhitaji haya yote. Rusha juu ya kichwa, mshipi unyooke nyuma hewani kisha mbele. Ila hapo punguza uzito wa kichwa, kwa sababu mshipi wote uko hewani hakuna maji ya kuushikilia, na kile cha Skagit kitailemea rodi. Na angalia nyaya za stima. Rodi za siku hizi ni za kaboni na zinapitisha umeme. Hapo hakuna kichekesho.

Mahali pa kwenda na kutoenda

Watamu na Malindi kuna mbuga za bahari tangu 1968, na ndani ya mbuga huvui. Hakuna "natupa tu moja". Hori la Mida liko ndani ya hifadhi ya Watamu, kwa hivyo uliza kwanza. Kuuliza ni rahisi, pitia ofisi ya BMU ya ufuo husika, wasee wa hapo watakuambia wapi ni ruhusa na leseni unachukua wapi. Mimi nilienda na soda mbili, nikatoka na ramani imechorwa kwa mchanga.

Mdomo wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, unapendeza kwa macho na samaki wapo. Pia mamba wapo na viboko wapo. Kusimama magotini pale kwa sababu ya picha ni kujitafutia tanzia. Pia viatu lazima, popote. Matumbawe yanakata na vitu vya miiba havipigi hodi.

Sasa ya kwangu. Ule mshipi wa kwanza niliuuza, hasara ya ngiri moja. Binamu akanikopesha iliyobaki nikaagiza Skagit ya greni 570, nikaiwahi wiki mbili kabla ya wageni. Nilifanyia mazoezi uwanjani Mariakani kwanza, kwa nyasi, watoto wakiniuliza kama huo ni mshipi wa kuvua ng'ombe. Nyasi hazishiki nanga kama maji lakini mikono inajua njia. Kisha Kilifi, alfajiri, siku sita. Siku ya nne mkia ulipiga mluzi mara ya kwanza na nilipiga nduru peke yangu kama mwehu. Babu alikuwa hapo. Hakusema kitu, aliinua tu chubwi yake kunisalimia.

Mgeni aliyekuja alikuwa mzee wa kizungu na vifaa vyake vya bei. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa kwa shavu lake la kushoto na bado alikuwa anarushia kushoto, ndoana ikampita sikioni. Nikamwambia ahamie bega la kulia. Akaniangalia, akahama. Halafu akaniuliza kichwa chake kinaning'inia vipi kwa hili joto, nikakishika, kinanata. Nikampa changu. Kabla jua halijapanda alitoa kolekole wa kimo cha kiganja na nusu, akamrudisha majini, na mimi roho ikaniuma kwa sababu huyo ni mboga. Lakini alilipa siku nzima, na akaweka ya pili wiki inayofuata.

Jioni nilirudi Mariakani na kazi ya mwisho, ambayo usiiruke: chumvi inakula kila kitu, kwa hivyo mshipi, rili na pete unasuuza kwa maji matamu, unapangusa, unaning'iniza kivulini kwa miviringo mikubwa. Kwetu maji ni ya mtungi na mtungi una bei. Mamangu alinikuta nyuma ya nyumba na beseni, akahesabu lita kwa macho.

"Hao samaki wako wapi?" akauliza.

Nikamwambia wamerudishwa baharini. Alibeba mtungi akaingia nao ndani.